Nani Anamngoja Mama Jumanne Asubuhi?

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa umoja wetu wa Waswahili hapa Massachusetts. Wengi wenu mlikuwa zamu siku ile, na mmeniomba niiweke yote mahali mnapoweza kuisoma. Naiweka kama nilivyoisema, isipokuwa picha za ukutani nimeziacha.

Mwenyekiti wetu, wachungaji na masheikh, kina mama, kina baba, vijana. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nina swali moja, nanyi mtanisamehe nikilirudia mpaka mlichoke. Mama yako uliyemleta kutoka Moshi, kutoka Kisii, kutoka Bukavu: Jumanne asubuhi anangojewa na nani? Siulizi nani anampa chai, chai anaipata. Siulizi nani anamnunulia dawa za presha. Dawa zipo, nyingine hata hazijafunguliwa. Nauliza hivi: saa nne asubuhi, wewe uko kazini, watoto wako shuleni, je, yuko mtu yeyote katika mji huu anayeutazama mlango na kusema, mbona mama fulani hajafika?

Kwa wengi wetu, hayupo. Mama yuko ghorofa ya tatu, nje theluji, ndani televisheni inasema lugha asiyoielewa. Anamngoja mjukuu arudi shule. Anakungoja wewe utoke zamu. Kutwa nzima yeye anangoja, wala hangojewi. Na sisi tunasema tunampenda, na ni kweli tunampenda.

Leo nataka kuwaeleza habari za watu waliojifunza kumngoja mzee. Nazungumzia Wayahudi. Najua wengi humu mnawafahamu, maana mnafanya kazi majumbani mwao na kwenye nyumba zao za wazee. Mnawaogesha, mnawavalisha, mnawajua walivyo kitandani usiku wa manane. Mimi nimepata bahati ya kuwajua kwa upande mwingine. Nafundisha mazoezi ya kukaa kwenye kiti katika kituo cha jamii yao, na kipindi changu kikiisha hubaki kutazama madarasa mengine. Sikuja kuzungumza habari za serikali wala vita. Nimekuja kuzungumza habari za wazee na madarasa yao.

Vituo hivi vya jamii havikuanzishwa kwa ajili ya wazee. Mwaka 1854 vijana wa Kiyahudi wa Baltimore walianzisha chama chao. New York wakafuata mwaka 1874, na kituo chao kipo hadi leo, Mtaa wa 92. Kijana mgeni aliyetoka Ulaya alipata humo maktaba, mihadhara, ukumbi wa mazoezi na watu wa kuoa kwao. Miaka ikapita. Walioingia vijana wakazeeka, watoto wao nao wakazeeka, na vituo havikuwafungia mlango. Viliwaongezea madarasa. Leo ukiingia katika kituo cha namna hiyo saa nne asubuhi, vichwa vingi unavyoviona ni vyeupe.

Ndugu zangu, sisi na wao tuna jambo moja tunalofanana sana, nalo ni heshima kwa mzee. Torati yao inasema, katika Mambo ya Walawi sura ya 19: "Mwondokee mwenye mvi, na kuheshimu uso wa mtu mzee." Kule Israeli maneno hayo yamebandikwa ndani ya mabasi, karibu na viti, ili kijana ampishe mzee. Hilo na sisi tunalijua. Nani humu hakufundishwa kumpisha mkubwa kiti? Nani hakufundishwa shikamoo kabla ya kujua kuhesabu?

Lakini mzee akishapishwa kiti, akishaketi, afanye nini? Hapo ndipo wenzetu wametutangulia.

Kitu cha kwanza wanachompa mzee ni somo. Simaanishi mhadhara wa kumfanya asinzie. Namaanisha somo lenye kitabu, lenye ubishi, lenye kazi ya kufanya nyumbani. Kwao kusoma maandiko ni ibada, na ibada haina kustaafu. Husimulia habari za Rabi Akiva, mmoja wa wanazuoni wao wakubwa kabisa, kwamba mpaka anafika miaka 40 alikuwa hajui hata herufi. Aliketi na mtoto wake mdogo mbele ya mwalimu wa watoto, akaanza alifu. Na Hillel, mwalimu aliyemtangulia, aliacha onyo hili: usiseme nitasoma nitakapopata nafasi, huenda nafasi hiyo usiipate kamwe. Sisi husema elimu ni bahari. Basi mbona tunawatoa baharini wenye umri wa miaka 65?

Namna yao ya kusoma ni wawili wawili. Watu wawili, kitabu kimoja katikati, na kila mmoja kazi yake ni kumpinga mwenzake ili maana itoke. Katika darasa ninalolitazama mimi kuna mzee mmoja wa miaka 91 aliyekuwa mfamasia, na mwenzake ni bibi aliyefundisha hesabu sekondari. Wameanza na Mwanzo, wamefika kwa Yakobo, na wamekwama hapo kwa sababu bibi hakubali kabisa kwamba Yakobo alikuwa na haki ya kumdanganya baba yake kipofu. Babu anatetea, bibi anapiga meza. Bibi alipougua mafua, babu yule alimpigia simu saa nne na dakika kumi, ni mimi niliyemshikia simu. Hakuuliza "hujambo". Alisema: "Uko wapi? Nimepata jibu lako." Nawaambieni, dawa hiyo hakuna duka linaloiuza. Yule bibi anangojewa! Akikosekana, kuna mtu ambaye siku yake inaharibika.

Na zipo ndoto zilizocheleweshwa. Kijana wa Kiyahudi akitimiza miaka 13 husimama sinagogini, akasoma Torati mbele ya watu, akahesabiwa mtu mzima. Huitwa bari mitzva. Kwa karne nyingi hilo lilikuwa la wavulana tu. Machi 1922, mjini New York, binti wa miaka 12 aitwaye Judith Kaplan alisimama kusoma, baba yake akiwa rabi. Hawakumruhusu kukaribia gombo lenyewe. Alisimama kando na kusoma kwenye kitabu chake cha kupigwa chapa. Mwaka 1992, akiwa na miaka 82, alisimama tena. Safari hii kama mtu mzima aliyeishi maisha yake yote ndani ya muziki na mafundisho ya watu wake. Leo sinagogi nyingi za Marekani zina darasa la wanawake watu wazima ambao utotoni hawakupewa nafasi ile. Wanajifunza herufi za Kiebrania wakiwa na miaka 60, 70, 80. Wanajifunza kuimba mistari. Halafu siku inafika, wajukuu wamekaa mstari wa mbele, na bibi anasoma.

Wanaume nao wana yao. Zaburi ya 90 inasema siku za miaka yetu ni miaka sabini. Basi wengine huhesabu kwamba aliyefika 70 ameanza maisha upya, na akiongeza 13, yaani akifika 83, anastahili bari mitzva ya pili. Mwigizaji Kirk Douglas, mtoto wa Myahudi mhamiaji aliyeokota matambara mitaani, alipata kiharusi mwaka 1996 kikamvuruga usemi. Mwaka 1999, akiwa na miaka 83, alifanya bari mitzva yake ya pili. Mtu ambaye madaktari walikuwa wakimfundisha upya kutamka maneno! Kina mama mnaowahudumia wagonjwa wa kiharusi mnajua maana yake. Mnajua jasho la neno moja.

Mtaniuliza: na yule asiyekumbuka tena? Yule ambaye jana alikuita kwa jina la marehemu dada yake? Nimeliweka swali hili moyoni muda mrefu, na jibu lao ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa leo. Musa alipovunja mbao za kwanza za mawe zenye amri, na baadaye akapewa nyingine nzima, vile vipande vilivyovunjika vilikwenda wapi? Talmudi, yaani mkusanyiko wa mafundisho na mijadala ya wanazuoni wao wa kale, inasema vyote viwili, mbao nzima na mbao zilizovunjika, viliwekwa pamoja ndani ya Sanduku la Agano na kubebwa jangwani. Rabi Yehoshua mwana wa Levi akawausia wanawe: kuweni waangalifu na mzee aliyesahau elimu yake pasipo hiari yake, kumbukeni zile mbao zilizovunjika. Hakusema mwekeni chumba cha nyuma. Vilivyovunjika vilikaa mahali patakatifu, sanduku lile lile.

Kwa hiyo kituoni kuna darasa la nyimbo ambalo anayesahau na asiyesahau wanakaa pamoja. Nimemwona mzee asiyeweza kutaja jina la mkewe akiimba baraka za Ijumaa jioni kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukosea, na mkewe amemshika mkono. Sikulia pale pale. Nilikwenda kulia garini.

Sasa nije kwenye mwili, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Wapo wanaodhani mtu wa dini hashughuliki na viungo. Wayahudi walikuwa na Maimonides, aliyezaliwa Córdoba mwaka 1138 na kufariki Misri mwaka 1204. Alikuwa mwanasheria mkubwa wa dini na pia tabibu wa wakubwa wa Cairo, aliyeandika vitabu vya tiba kwa Kiarabu. Ndani ya kitabu chake cha sheria za dini, siyo cha tiba, aliweka sura nzima kuhusu chakula, usingizi na mazoezi. Anasema mtu akijizoeza na kuutaabisha mwili, asishibe kupita kiasi, na tumbo lake likawa laini, maradhi hayamjii. Anasema pia kuutunza mwili ni sehemu ya kumtumikia Mungu. Miaka mia nane iliyopita, ndugu zangu.

Karibu na zama zetu alikuwepo Moshe Feldenkrais, mwanafizikia na mwalimu wa judo aliyeumia goti vibaya. Badala ya kukubali tu kuchechemea, alianza kuuchunguza mwili wake mwenyewe: uzito unakwenda wapi ninapogeuka, mbavu zinafanya nini ninapoinua mkono? Akatengeneza mafunzo ya mwendo wa polepole, mengi yakifanywa kwa kulala sakafuni, yanayofundishwa hadi leo kwa wazee duniani. Mwanafunzi wake mmoja alikuwa David Ben-Gurion, waziri mkuu wa kwanza wa Israeli, aliyesumbuliwa na mgongo. Mwaka 1957 Ben-Gurion alipigwa picha ufukweni akiwa amesimama kwa kichwa, miguu juu. Alikuwa na miaka 70.

Mimi simsimamishi mtu kwa kichwa. Darasa langu ni viti. Viti visivyo na magurudumu, miguu yote minne imekanyaga sakafu, mgongo haujaegemea. Tunaanza na vifundo vya miguu: vidole juu, visigino juu. Kisha mabega. Kisha zoezi ambalo kila mzee analichukia na kila mzee analihitaji: kuinuka kitini bila kushika popote. Sogea mbele ya kiti, vuta miguu nyuma kidogo, pua ipite vidole vya miguu, inuka. Kaa polepole, usijitupe. Tena. Mara ya kwanza wengi hawawezi. Baada ya wiki kadhaa unamsikia mtu anasema, jana nimetoka chooni mwenyewe. Tukio kubwa hilo! Katika nchi hii, kuanguka ndiyo sababu ya kwanza ya vifo vya ajali kwa watu wa miaka 65 kwenda juu, na kila mwaka zaidi ya mmoja kati ya wanne huanguka. Mnaofanya kazi za kulea wazee mmewaona: nyonga imevunjika Januari, na Pasaka hajarudi nyumbani.

Liko jambo jingine nililofundishwa humo, nanyi mtalihitaji kazini. Miongoni mwa wazee hao wapo walionusurika mauaji ya Wanazi wa Ujerumani, waliowaua Wayahudi makambini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Walikuwa watoto. Kwa hiyo sisemi "jipangeni mstari". Sipulizi filimbi. Simjii mtu kwa nyuma. Mnaowaogesha, mnajua kwamba bomba la maji lililo juu ya kichwa linaweza kumtisha mtu mpaka akapiga kelele, na si ukaidi. Kuna vikundi maalumu vya manusura katika miji mingi, wanakunywa kahawa, wanacheza dansi, na mmoja akinyamaza ghafla hakuna anayemuuliza kwa nini, maana wote wanajua.

Nije kwenye kazi ya mikono, na hapa naomba mnisikilize vizuri.

Jerusalem kulikuwa na mwalimu wa shule aitwaye Myriam Mendilow. Aliwaona wazee wakiombaomba mitaani, na akaona jambo lililomuumiza zaidi: wanafunzi wake waliwadharau. Angeweza kuchanga fedha, akawagawia, akaenda zake. Mwaka 1962 alifungua karakana. Kazi ya kwanza ilikuwa kujalidi vitabu, na vitabu vyenyewe ni vya wanafunzi wa shule, vilivyochanika. Mnaona alichokifanya? Mtoto aliyemcheka mzee barabarani sasa anasomea kitabu kilichoshonwa na mzee huyo. Asingekuwepo mzee, asingekuwa na kitabu.

Karakana hiyo ipo hadi leo, inaitwa Yad LaKashish. Wazee wanafinyanga, wanachora hariri, wanafuma, wanatengeneza vyombo vya sikukuu. Wengi ni wahamiaji kama wazee wetu, waliotoka nchi za Kisovieti na Ethiopia wakiwa tayari na mvi, lugha mpya hawaiwezi. Wanapewa posho, chakula cha mchana cha moto na tiketi ya basi. Tiketi ya basi! Aliyeifikiria tiketi ya basi alimjua mzee. Maana unaweza kufungua darasa zuri namna gani, lakini mzee asipokuwa na njia ya kufika umefungua ukumbi mtupu. Na vitu vyao vinauzwa dukani kwa sababu ni vizuri. Hakuna anayenunua kwa huruma.

Kituoni kwetu Ijumaa kuna darasa la kusuka mkate wa Sabato, uitwao hala. Bibi mwenye vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi ananyoosha mikanda sita ya unga, anaipitisha juu na chini haraka kuliko macho yangu. Kando yake binti wa chuo kikuu anajaribu na kukosea. Bibi anamfumulia, anaanza naye upya. Meza ya pili kina mama wanagonga vigae vya mahjongi, mchezo wa Kichina ambao wanawake wa Kiyahudi wa New York waliupenda kiasi cha kuunda ligi ya taifa mwaka 1937, na hadi leo wanangojea kadi mpya ya kanuni kila mwaka. Sikudhani mchezo ni tiba. Nimeona ni tiba: kuhesabu, kukumbuka, kucheka, kugombana.

Na msidhani mambo haya yanahitaji jumba. Chelsea, New York, kuna majengo ya ushirika ya Penn South, yaliyojengwa kwa jitihada za chama cha wafanyakazi wa nguo na kufunguliwa mwaka 1962. Wakazi, wengi wao Wayahudi, walizeekea humo humo. Mwaka 1986 shirika la hisani la Wayahudi wa mji huo liliona ni afadhali kupeleka muuguzi, mshauri na madarasa kwenye majengo kuliko kuwahamisha watu. Ule mpango umeigwa sehemu nyingi za Marekani. Hebu fikirini: ni wazee wetu wangapi wanakaa majengo mamoja hapa mjini, ngazi moja, na hawajuani?

Nimalize na habari ya Venice, kule California. Ufukweni palikuwa na kituo cha wazee wa Kiyahudi, mafundi cherehani na washoni wa viwandani waliotoka vijiji vya Ulaya Mashariki. Watoto wao walikuwa wamesoma, wamekuwa madaktari na wanasheria, wanakaa mbali. Mtaalamu wa mila na jamii, Barbara Myerhoff, alikaa nao miaka ya 1970, na alichokiona ni watu maskini waliofanya mijadala, darasa, dansi na kuwasha mishumaa ya Ijumaa pamoja. Siku moja kijana wa baiskeli alimgonga bibi mmoja wao, akafa. Kijana akajitetea: sikumwona. Wale wazee hawakukaa nyumbani kulia. Waliandamana njiani ufukweni na mabango na jeneza, wakidai waonekane. Watu wa miaka 80 na 90! Na walipata wapi nguvu ya kuandamana? Walikuwa wamezoea kukutana kila siku. Walikuwa na mahali. Mmoja alipokosekana, wote walijua.

Katika sala zao za Siku ya Upatanisho, Wayahudi husimama mbele ya sanduku la Torati lililo wazi na kuomba kwa maneno ya Zaburi ya 71: "Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache." Wanasema kwa sauti, vijana na wazee, wote pamoja. Wazee wetu nao wanaomba hivyo, ila wanaomba chumbani peke yao.

Basi nimezungumza na viongozi wetu. Tumepata ukumbi wa chini wa kanisa, Jumanne na Alhamisi, saa nne hadi saa saba. Mazoezi nitafundisha mimi. Darasa la kusoma, wenye Biblia watasoma wawili wawili, wenye Kurani watasoma yao, na atakayetaka kujifunza kuandika jina lake au Kiingereza cha hospitali atafundishwa. Bibi yeyote anayejua ukili, kufuma au kupika vitumbua tunamtaka kama mwalimu, wala hatumtaki aje kukaa tu. Tunahitaji viti thelathini visivyo na magurudumu. Tunahitaji madereva wanne, maana mmenisikia kuhusu ile tiketi ya basi. Na tunahitaji mtu mmoja mwenye simu, kazi yake ni moja tu: ikifika saa nne na robo, ampigie kila ambaye hajafika.

Daftari liko mezani pale mlangoni. Andika jina la mama, ghorofa anayokaa, na kama anashuka ngazi mwenyewe au anashikwa mkono.